Umeprinti mkataba wa nyumba? Uliza wino kwanza

Nikihamia Kahawa Wendani nililipa dipoziti ya 12,000 kwa simu, kisha nikaprintiwa mkataba kwa saiba moja karibu na steji. Mwenye nyumba akasaini kwa kalamu ya kawaida. Wiki hiyo hiyo nikanyeshewa nikishuka matatu Thika Road, mkataba ukiwa kwa begi. Kufika nyumbani, sahihi yake iko sawa kabisa, lakini maandishi yaliyoprintiwa yamekuwa madoa. Hata ile 12,000 haisomeki.

Siku ya kuhama, keateka akaniambia dipoziti ilikuwa 8,000. Ningemwonyesha nini?

Shida ilikuwa wino. Printa nyingi za inkjet hutumia rangi iliyoyeyushwa kwa maji. Karatasi ikilowa, rangi inayeyuka tena, na jua nalo huififisha polepole. Kuna inkjet zenye wino wa pigmenti, yaani chembe ndogo zisizoyeyuka. Hizo huvumilia zaidi. Printa ya leza haitumii wino wa maji hata kidogo. Inatumia tona, unga wenye plastiki unaoyeyushwa kwa joto hadi ushike karatasi. Kalamu ya kawaida ina wino wa mafuta, ndiyo maana sahihi ilibaki.

Kwa hivyo ukifika saiba, uliza kama wana leza. Kama hawajui (na wengi hawajui), printi ukurasa mmoja, uache ukauke, kisha pitisha kidole chenye maji kwenye pembe. Wino ukitoka, piga fotokopi kwa ile mashine kubwa ya tona, halafu msaini hiyo kopi.

Risiti laini za supamaketi ni hatari zaidi, hasa kama una biashara, maana sheria ya taratibu za ushuru ya 2015 inataka uweke rekodi miaka 5. Risiti hizo hazina wino. Karatasi yenyewe hubadilika rangi ikipata joto. Usizilaminishe kwa mashine ya moto, zitatoka nyeusi tii. Zipige picha mapema.

Mimi niliomba taarifa ya malipo ya simu ya mwezi ule. Ikaja kwa barua pepe kama PDF: tarehe, jina la mpokeaji, kiasi, nambari ya muamala. Keateka aliisoma mara mbili, akatoka nje kumpigia mwenye nyumba. Nilirudishiwa pesa yangu, ikitolewa tu ya kupaka ukuta rangi.