Jakuzi la mitumba: pampu imepona, maji je?

SWALI: Daktari, ninaishi Leicester, Uingereza. Nimenunua jakuzi lililotumika, la watu wanne, ambalo mwenyewe alilifunika uani miezi mingi bila kulitumia. Fundi amebadilisha pampu na hita, ameziba palipokuwa panavuja, na sasa linafanya kazi vizuri sana. Maji ni maangavu kabisa na klorini nimeshamwaga. Mama yangu anakuja kututembelea kutoka Tanga. Ana miaka 68, ana kisukari, anatumia dawa za presha na magoti yanamsumbua. Nyumbani huenda kuoga maji moto ya kule Amboni na anasema yanamsaidia. Mume wangu anasema maji ya moto yenye klorini hayawezi kuwa na vijidudu. Je, mama anaweza kuingia?

JIBU: Kwa sasa mama asiingie, na nitaeleza kazi inayotakiwa kufanyika kabla hajaingia. Fundi wako amefanya alichoitiwa: alikuta kitu kimesimama, akakifanya kizunguke. Lakini kasoro za jakuzi zinazodhuru watu, kwa kawaida, hazikizuii chombo kufanya kazi. Pampu huzunguka vilevile mabomba yakiwa yamejaa bakteria. Taa huwaka vilevile umeme ukiwa hauna kinga. Maji huvutwa vilevile hata mfuniko wa tundu la kunyonyea ukiwa umepasuka. Ndiyo maana ukiniambia jakuzi linafanya kazi vizuri, unanijibu swali la fundi. La afya bado, kwa sababu katika barua yako hakuna mahali palipoandikwa kwamba maji yamepimwa.

Tuanze na ile miezi ya uani. Jakuzi likimwagwa maji halikauki. Maji hubaki kwenye viungo vya mabomba, ndani ya pampu, kwenye vijia vya hewa vinavyotoa viputo na katikati ya mikunjo ya kichujio. Humo bakteria hujishikiza kwenye plastiki na kujitandia utelezi, kama ule unaoushika ukipitisha mkono ndani ya pipa lililokaa na maji muda mrefu. Ndani ya utando huo wana chakula na wana kinga: klorini inayomuua mara moja bakteria anayeelea majini humaliza nguvu zake kwenye tabaka la juu tu, na walio chini hubaki wakisubiri. Yupo Pseudomonas, anayeleta vipele vyekundu vinavyowasha, hasa sehemu zilizofunikwa na nguo ya kuogelea. Vipele hivyo hutokea ndani ya saa au siku chache na mara nyingi huisha vyenyewe, ingawa kwa mgonjwa wa kisukari ngozi iliyochubuka kwa kujikuna si jambo dogo. Wapo pia bakteria wa jamii ileile ya wale wa kifua kikuu, wasioambukiza kifua kikuu chenyewe, ambao huwaletea baadhi ya watumiaji wa majakuzi ya ndani ya nyumba kikohozi na kubanwa pumzi kusikoisha mpaka waache kuyatumia. Lakini anayenifanya nimzuie mama yako ni Legionela.

Bakteria huyu alitambuliwa baada ya mkutano wa maveterani wa chama cha American Legion katika hoteli moja mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Watu zaidi ya 200 waliugua nimonia kali na 34 wakafa, na ugonjwa ukabeba jina la chama hicho. Kwa kawaida haupiti kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mwingine, wala mtu haupati kwa kugusa maji. Huupata kwa kuvuta hewa yenye matone madogo sana ya maji yaliyobeba bakteria, na kazi yenyewe ya jakuzi ni kuyatengeneza matone hayo: kila kiputo kinachopasuka juu ya maji hurusha unyevu hewani, pale pale pua ya aliyeketi ilipo.

Ushahidi ninaoupa uzito kuliko mwingine wote unatoka Bovenkarspel, Uholanzi, mwaka 1999. Kulikuwa na maonyesho makubwa ya maua, na katika baadhi ya mabanda wafanyabiashara waliweka majakuzi yakitoa viputo ili wateja wayaone. Hayakuwekwa watu waoge. Wageni zaidi ya 77,000 walipita katika maonyesho hayo, 188 wakaugua, na zaidi ya 20 wakafa. Wachunguzi walikuta Legionela ndani ya majakuzi mawili, na aina mojawapo ililingana na ile iliyotolewa kwa karibu wagonjwa wote ambao bakteria wao waliweza kuoteshwa maabara. Waliosimama kidogo kulitazama jakuzi mojawapo walikuwa katika hatari kubwa kuliko wengine. Mnunuzi yeyote aliyepita pale angeshuhudia kwamba majakuzi hayo yanafanya kazi vizuri. Huko kwenu Uingereza, mwaka 2012, jakuzi la maonyesho ndani ya duka huko Stoke-on-Trent nalo lilileta ugonjwa huohuo, na watu wawili walipoteza maisha.

Msomaji mwenye hesabu ataniambia: 188 katika 77,000 ni kama wawili na nusu katika kila elfu, mbona unatisha watu? Hesabu yake ni sahihi, na sisemi kila anayeingia jakuzi chafu atalazwa. Kijana mwenye mapafu mazima anaweza kulitumia mwaka mzima asipate hata mafua. Ila ugonjwa huu hauwapati watu kwa bahati nasibu. Unawaelemea waliovuka miaka 50, wavutaji sigara, wenye maradhi sugu ya mapafu, wenye kinga dhaifu na wenye kisukari. Mama yako yumo mara mbili katika orodha hiyo. Tena wale wa Bovenkarspel wengi wao walipita tu, na yeye ataketi humo jioni moja baada ya nyingine.

Sasa hoja ya mumeo. Kuhusu joto, ukweli uko kinyume na anavyodhani. Legionela huzaliana kati ya nyuzi 25 na 45 hivi, na maji ya jakuzi huwekwa kati ya 37 na 40, yaani katikati ya kiwango anachokipenda. Joto la kumuua haraka huanzia nyuzi 60, na humo hakuna mtu anayeweza kuketi. Kuhusu klorini, mumeo amesema nusu ya ukweli. Inaua kweli, lakini kinacholinda ni kiasi kilichobaki hai majini saa ile mtu anapoingia, wala si kiasi ulichomwaga jana. Maji ya moto huila klorini haraka kuliko maji ya baridi. Viputo huipeperusha. Jasho, mafuta ya ngozi na losheni huimaliza, na watu wanne ndani ya lita 1,500 ni uchafu mwingi sana ukilinganisha na watu wanne ndani ya bwawa la kuogelea. Kisha kuna pH, kipimo cha tindikali au alikali ya maji, ambacho wengi hukipuuza. Klorini ileile ikiwa kwenye pH ya 7.5, karibu nusu yake iko katika hali yenye nguvu ya kuua. pH ikipanda hadi 8, hubaki kama robo au pungufu. Na jakuzi lina tabia ya kupandisha pH lenyewe, kwa kuwa viputo huondoa hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini. Kwa hiyo unaweza kumwaga klorini kila siku kwa uaminifu na usipate kinga uliyoilipia. Hata ile harufu kali ambayo watu huihesabu kuwa dalili ya usafi mara nyingi ni ya klorini iliyokwisha kutumika kupambana na jasho na mkojo.

Kwa sababu hiyo, kifaa cha kwanza ambacho ningetaka ununue ni cha bei ndogo kuliko vyote fundi alivyofunga: vipande vya karatasi vya kupimia maji. Idara ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani, CDC, inashauri klorini huru isipungue miligramu 3 kwa lita katika jakuzi, au bromini isipungue 4, na pH iwe kati ya 7.0 na 7.8. Pima kabla ya kila mtu kuingia, na maji yasipofika kiwango hicho jakuzi lifunikwe mpaka yafike. Lakini kwa jakuzi lililotelekezwa, kupima hakutoshi mpaka utando wenyewe uondolewe. Nunua dawa ya kusafishia mabomba ya jakuzi, uimwage katika maji uliyonayo sasa, washa matundu yote ya maji kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na usisimame karibu kuvuta unyevu wake. Usishangae ukiona povu la kahawia likipanda kutoka katika maji uliyoniambia ni maangavu. Mwaga yote, sugua kuta, fyonza maji yaliyobaki kwenye vikalio na matundu, na kama povu lilikuwa jingi rudia. Kichujio cha zamani kitupe, uweke kipya. Kukiosha cha zamani ni kujisumbua, kwani utando uliokaa miezi mingi ndani ya mikunjo yake ni vigumu kuuondoa wote. Jaza maji mapya, tia klorini ya kipimo kikubwa cha kusafishia kama maelekezo ya dawa yanavyosema, yazungushe, kisha subiri kiwango kishuke hadi kile cha kuogea. Dawa itiwe wakati hamna mtu majini, na klorini isichanganywe kamwe na tindikali au bromini kwenye chombo kimoja, kwani mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi ya sumu au kulipuka. Baada ya hapo kichujio kipya kioshwe kila wiki, na maji yabadilishwe kwa kufuata idadi ya waogaji: lita 1,500 zikitumiwa na watu wanne kila siku huchoka baada ya mwezi mmoja hivi.

Nimetaja mfuniko wa kunyonyea na umeme, navyo usivipite. Mwaka 2002 mtoto wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, mjukuu wa aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani James Baker, alinaswa chini ya jakuzi na nguvu ya mvuto wa tundu la kunyonyea, akafa. Sheria inayobeba jina lake ilipitishwa mwaka 2007, ikidai mifuniko isiyoweza kumng'ang'ania mtu. Jakuzi la zamani linaweza kuwa na mfuniko wa kale, uliopasuka au uliopotea. Kama fundi amefunga pampu yenye nguvu kuliko ile ya awali, mfuniko uliofaa jana huenda leo haufai. Mwulize. Na fundi umeme mwenye sifa athibitishe kwamba laini ya jakuzi ina swichi inayokata umeme mara tu unapovuja, ile mafundi wa huko wanayoiita RCD.

Kuhusu Amboni, naelewa kwa nini mama ana imani nayo, na sitaki umwambie kwamba alikuwa akijidanganya. Maji ya moto hulegeza misuli na kupunguza maumivu ya viungo vilivyochakaa. Nafuu anayoisikia ni ya kweli. Lakini chemchemi za Galanos, yaani hayo maji moto ya Amboni, hutoa maji mapya kutoka ardhini saa zote na ya zamani huenda zake. Hakuna pampu inayoyarudisha maji yaleyale yenye jasho la jana kupitia mabomba ya plastiki, wala mashine inayoyapuliza yawe ukungu. Kama unatafuta kitu kinachofanana na hicho wakati jakuzi likiendelea kusafishwa, ni bafu la kawaida la ndani: maji safi ya moto, anaogea mara moja, yanamwagwa.

Hata maji yakishapimwa na kukubalika, kuna mama mwenyewe. Joto hutanua mishipa ya damu na kushusha presha, na dawa zake nazo zinashusha. Akisimama ghafla anaweza kuona kizunguzungu akaanguka, na nyonga iliyovunjika katika umri huo ni balaa. Weka nyuzi 37 au 38 badala ya 40, akae dakika kumi tu, awe amekunywa maji, na atoke akiwa ameshikwa mkono. Kisukari kinaweza kuwa kimepunguza hisia za miguu yake, kwa hiyo joto lipimwe kwa kipimajoto, na kama ana kidonda chochote mguuni asiingie kabisa. Ikiwa anatumia insulini, ajue kwamba joto huifanya iingie mwilini haraka na sukari inaweza kushuka. Daktari wake wa Tanga aulizwe kabla hajasafiri, kwa sababu ndiye anayejua presha yake inakwendaje. Na kama kuna mjamzito katika familia, maji ya joto hili hayamfai, hasa miezi mitatu ya kwanza.

Ugonjwa wa Legionela hujitokeza kati ya siku 2 na 14, wakati mwingine zaidi kidogo. Kwa hiyo mama anaweza kuoga mwisho wa wiki, akapanda ndege akiwa mzima, na homa ikamkuta Tanga. Atakuwa na homa kali, kikohozi, kuishiwa pumzi, maumivu ya mwili, pengine kuharisha na kuchanganyikiwa. Daktari atakayempokea atafikiria malaria kwanza, na atakuwa na haki. Kipimo kikionyesha hakuna, atafikiria nimonia ya kawaida na huenda akampa amoksilini, ambayo haisaidii hapa kwa sababu bakteria huyu hujificha ndani ya seli za mapafu. Zipo dawa zinazomfikia huko, kama azithromaisini na levofloksasini, na zinafanya kazi vizuri zikianza mapema. Kinachotakiwa ni daktari aambiwe: huyu alikuwa Uingereza, aliketi kwenye jakuzi, tarehe hizi. Ziandike tarehe hizo kwenye daftari lake la kliniki kabla hujamsindikiza uwanja wa ndege, na ndugu wanaoishi naye wajue zimeandikwa wapi.