Kufungulia Umma Ripoti za Zahanati Bila Kumwanika Mgonjwa

Raia anayeishi Magogoni, Kisauni, ana haki ya kujua ni watoto wangapi waliochanjwa katika wodi yake mwezi uliopita. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu. Seva ya ripoti lazima itii vyote viwili.

Kenya ilieneza mfumo wa ripoti za afya wa DHIS2 nchi nzima mwaka 2011. Programu hiyo ikiwekwa upya huja na akaunti ya "admin" yenye neno la siri "district", na dunia nzima inalijua. Libadilishe kabla seva haijaunganishwa na intaneti.

Ukitaka watu wasome ripoti bila kujisajili, usiwagawie akaunti ya karani. Tengeneza akaunti ya mgeni, ya kusoma tu, inayofikia ripoti ulizoziteua na si jedwali la wagonjwa. Weka kizuizi kwenye hifadhidata yenyewe. Kuficha kitufe hakusaidii kitu, maana mjuzi ataandika anwani moja kwa moja. Bora zaidi ni seva ya pili yenye jumla za mwezi pekee: hata ikidukuliwa, haina majina ya kuibwa.

Lakini kuondoa majina hakutoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme ripoti inaonyesha mimba za wasichana walio chini ya miaka 15: Magogoni, mmoja. Jioni haitafika kabla mtaa haujamjua. Idadi iliyo chini ya 5 ifichwe. Na ukificha ya Magogoni peke yake huku jumla ya Kisauni na idadi za wodi nyingine zote zikionekana, msomaji atatoa tu apate jibu. Ficha na ya wodi ya pili.

Kisha jaribu mwenyewe kwa simu ambayo haijaingia kwenye mfumo. Badilisha tarakimu za mwisho za anwani ya ripoti. Ukifunguliwa usichokikusudia, funga mlango huo kwanza.

Data ikivuja na kukiwa na hatari ya kweli kwa wahusika, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Kwa hivyo andika papo hapo tarehe na saa uliyogundua, na usifute kumbukumbu za seva.