Homa Moja, Magonjwa Mengi

Homa siyo ugonjwa. Homa ni dalili, yaani alama inayoonyesha kwamba mwili unapambana na ugonjwa. Dalili moja huweza kuletwa na magonjwa mengi.

Tuseme wagonjwa wawili wa Makutupora, karibu na mji wa Dodoma, wamefika katika zahanati siku moja. Mmoja ni mwanafunzi, wa pili ni mfugaji. Wote wana homa, na wote wanaumwa kichwa na viungo. Je, wanaugua ugonjwa mmoja?

Kuuliza: Mwanafunzi anasema kwamba amekuwa akilala bila chandarua. Mfugaji anasema kwamba mbuzi wake wengi wametupa mimba, naye aliwahudumia kwa mikono mitupu.

Kutazama: Mganga anapima joto la mwili, anahesabu pumzi, na kutazama macho na ngozi.

Kupima: Tone la damu ya kila mgonjwa linatazamwa kwa hadubini. Katika damu ya mwanafunzi vinaonekana vijidudu vya malaria. Katika damu ya mfugaji havionekani. Mganga anakumbuka habari ya mbuzi. Anashuku Homa ya Bonde la Ufa, na damu inapelekwa katika maabara kubwa.

Homa hiyo huletwa na virusi. Mwaka 2007, baada ya mvua nyingi, iliua watu na mifugo katika mkoa wa Dodoma na mikoa mingine. Mwanzoni dalili zake hufanana na za malaria, lakini dawa ya malaria haiiponyi. Jina la ugonjwa likikosewa, dawa nayo hukosewa, na mgonjwa huweza kufa.

Mganga hujifunzaje kazi hii? Chuoni husoma dalili za magonjwa. Kisha huwaona wagonjwa wengi akiwa pamoja na mganga mwenye ujuzi. Kila mara hukisia ugonjwa, halafu hulinganisha makisio yake na majibu ya maabara. Akikosea hujiuliza: "Ni swali gani sikuliuliza?"

Kumbuka: Ukipata homa, nenda zahanati upesi. Usinywe dawa kwa kubahatisha. Mweleze mganga mambo yote, hata yale unayoyaona madogo.

Maswali
1. Kwa nini tunasema homa siyo ugonjwa?
2. Ni jambo gani lililomfanya mganga ashuku kwamba mfugaji hana malaria?
3. Mwenzako anaumwa tumbo. Andika maswali matatu ambayo mganga angemwuliza. Eleza sababu ya kila swali.