Ubao wa Drafti na Ubao wa Nyama Choma: Kazi Moja, Mgeuzo Mmoja

Ukiingia hoteli ya nyama choma Kitale au Bungoma mjini, nyama haiji kwa sahani. Inaletwa juu ya ubao na kukatwa ukiiona, chumvi upande huu, kachumbari upande ule. Ukitoka nje, chini ya mti wa kivuli utakuta watu wameuinamia ubao mwingine wenye miraba 64, vizibo vya soda vikisukumwa kutoka mraba hadi mraba. Mbao hizo mbili ni kazi moja. Anayejua kutengeneza ubao wa drafti amebakiza mgeuzo mmoja tu kupata ubao wa nyama utakaodumu miaka mingi.

Kwetu Kibomet, pembezoni mwa Kitale, kazi hii inafanyika kwenye veranda ya nyumba. Unahitaji msumeno wenye meno makali, randa, patasi, futi, kona ya fundi, msasa na klempu nne. Ukikosa mashine ya kuranda, peleka mbao zako kwa fundi mwenye mashine mjini akurandie, kisha kazi nyingine umalizie nyumbani kwa mkono.

Shughuli inaanzia kwenye mti. Kwa ubao wa kukatia chagua mti mgumu, wenye vitundu vidogo, usio na harufu. Elgon teak inafaa sana. Licha ya jina lake, si msaji. Ni wa jamii ya mzeituni, na ugumu wake unaujua ukiutia msumeno. Mpera nao ni mgumu na laini usoni, ingawa vipande vyake ni vidogo, na Bungoma hakuna boma lisilo na mpera. Kwa drafti una uhuru zaidi. Mvule hutoa miraba myeusi mizuri, na saipresi hutoa miraba myeupe kwa bei nafuu. Saipresi usiipeleke jikoni kwa sababu ni laini na ina harufu. Grevilea, ambayo wengi wanaiita mukima, ina mchoro unaopendeza, lakini vumbi lake huwawasha ngozi baadhi ya watu. Vumbi la mvule nalo hukera ngozi na kifua. Vaa barakoa unapopiga msasa, na watoto wakae mbali.

Kuna mbao ambazo sitaki kuziona jikoni kwa hali yoyote. Ya kwanza ni vipande vya nguzo za stima na vya posti za ua zilizotiwa dawa. Dawa hizo ni kreosoti, au mchanganyiko wa shaba, kromi na aseniki, na hata vumbi lake ni hatari. Ya pili ni paleti za mizigo usizozisoma. Tafuta muhuri uliochomwa pembeni. Herufi HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromidi. Ya MB iache. Hata ya HT, kama hujui ilibeba nini, itumie kwa drafti tu.

Sasa ukavu, maana hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, nami nikiwemo. Ubao wangu wa kwanza niliuunda Agosti, mvua ikinyesha kila alasiri, kwa mbao niliyoambiwa ni kavu. Nikauzungushia fremu nzuri, nikaikaza kwa gundi na misumari. Januari, upepo mkavu ulipoanza, ubao ulipasuka katikati usiku kwa mlio uliotuamsha. Sababu ni nyepesi: mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu. Fremu iliubana, mbao ikataka kusinyaa, ikakosa nafasi, ikapasuka. Tangu siku hiyo ubao wa kukatia siuwekei fremu.

Mbao ya unene wa inchi moja huhitaji kama mwaka mzima kukauka kwa hewa. Ipange kivulini, juu ya ardhi, ukitenganisha kila mbao na nyingine kwa vijiti vya unene sawa ili hewa ipite. Vichwa vya mbao vipake rangi kuukuu au nta, maana maji hutoka upesi zaidi huko na nyufa huanzia huko. Kama huna kipima unyevu, chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya duka kila wiki na uandike uzito. Uzito ukiacha kushuka wiki kadhaa mfululizo, mbao imekauka.

Twende kwenye ubao wenyewe. Kizibo cha soda kina upana wa kama sentimita 3, kwa hiyo mraba wa sentimita 4 unatosha. Pasua fito nane za upana wa sentimita 4: nne nyeusi, nne nyeupe. Urefu uwe sentimita 40 au zaidi kidogo, si 32, kwa sababu msumeno unakula milimita kadhaa kila unapokata. Randa pande hadi ufito ulale juu ya mwenzake bila mwanga kupita katikati. Zipange nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Paka gundi, bana kwa klempu, acha hadi kesho. Futa gundi iliyotokeza kabla haijakauka.

Kesho yake una kipande chenye mistari kama pundamilia. Kikate kwa kukingama, kila sentimita 4, upate fito nane mpya, kila moja ina vipande vya rangi mbili. Geuza ufito wa pili kichwa chini miguu juu, wa nne, wa sita, wa nane. Papo hapo miraba ya drafti inajitokeza mbele yako. Mara ya kwanza kuiona, mtu hutabasamu.

Hapa ndipo njia zinapoachana. Kwa drafti, fito zilale chali na uziunge. Kiungo hiki ni cha kichwa kwa kichwa, na vichwa vya mbao hunywa gundi kama ardhi kavu inavyokunywa mvua. Vipake gundi nyepesi kwanza, subiri dakika chache, paka tena ndipo ubane. Kisha bandika yote juu ya plaiwudi upate nguvu. Mchezaji anapokaa, pembe ya mkono wake wa kushoto iwe na mraba mweusi.

Kwa ubao wa nyama, tumia mbao nene, inchi moja na nusu hivi, na kabla ya kuunga zungusha kila ufito robo mzunguko ili sehemu iliyokatwa na msumeno itazame juu. Sasa nyuzi za mti zimesimama wima kama brashi. Kisu kikishuka hupita katikati ya nyuzi badala ya kuzikata, nazo hurudi mahali pake. Ubao hauchubuki upesi na kisu hakifi makali. Tumia gundi ya mbao inayohimili maji. Ile yenye alama ya D3 inafaa. Ukingoni chonga mfereji wa kina cha nusu sentimita ili mchuzi wa nyama usimwagikie wateja.

Vanishi ipake drafti, usipake ubao wa nyama, kwa kuwa kisu kitaibandua na italiwa. Mafuta ya kupikia nayo huchacha na kunuka. Nenda duka la dawa uulize mafuta meupe yasiyo na harufu ambayo watu hunywa kulainisha choo; chupa imeandikwa liquid paraffin. Angalia sana: kwetu ukisema parafini watu wanaelewa mafuta ya taa. Hayo ni sumu, na hayahusiki kabisa na kazi hii. Yeyusha nta ya nyuki sehemu moja kwa liquid paraffin sehemu nne, sufuria ikiwa ndani ya maji moto, si juu ya moto wenyewe. Paka, acha usiku mzima, futa.

Wateja watakuuliza kama plastiki si safi zaidi. Mwaka 1994 Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa bakteria waliowekwa juu ya mbao walipungua sana baada ya muda, ilhali kwenye plastiki waliweza kubaki. Hiyo si ruhusa ya uchafu. Uwe na ubao mmoja wa nyama mbichi na mwingine wa kachumbari na nyama iliyoiva. Osha kwa maji moto na sabuni, usiuloweke kwenye beseni, ukaushe ukiwa umesimama kivulini.

Kuhusu mbao, nunua kwa anayeweza kuonyesha zimetoka wapi. Mbao ikisafirishwa huhitaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, na Elgon teak isiyo na karatasi huenda imetoka msituni kwa wizi. Mwenye shamba naye akumbuke kuwa kanuni za mwaka 2009 zilimtaka awe na miti kwenye asilimia 10 ya ardhi yake ya kilimo. Panda kabla ya kukata.

Ubao wako wa kwanza usiuuze. Utumie jikoni kwako msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi, uone viungo vinavyoshika, ndipo uupeleke wa pili hotelini.