Dondoo muhimu: Msamiati wa Kiingereza kwa kidato cha kwanza

Watoto wengi wa Singida husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wakifika sekondari, karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Mwalimu, wavushe hivi:

• Anza na wanachokijua. Watoe nje wataje kwa Kiingereza alizeti, vitunguu, kuku, miamba na upepo. Kila mmoja atunge sentensi.

• Tengeneza kadi. Kata maboksi ya dukani. Andika neno upande mmoja, chora picha upande wa pili. Waulizane wawili wawili.

• Igizeni mnada. Kundi moja liuze, jingine linunue na kupatana bei. Ni zoezi zuri kwa darasa kubwa, kwani wote wanazungumza.

• Shirikiana na walimu wengine. Chukua maneno ya Baiolojia na Jiografia ya wiki hiyo.

• Maneno 5 hadi 8 kwa kipindi yanatosha. Yarudie kesho yake, wiki inayofuata na mwisho wa mwezi.

• Usiruhusu kuchekana. Anayeogopa kukosea hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi kuzungumza.