Motokaa Iliyoshikwa Pamoja na Mlevi

Somo la mwezi huu si la furaha, lakini ni la lazima, kwa kuwa jambo hili huzifikia hata nyumba za watu wema, tena huzifikia usiku, wakati ambapo hakuna mtu wa kuulizwa. Simu yalia saa saba. Kijana amekamatwa barabarani akiendesha motokaa naye amelewa. Yeye yuko kituoni, na motokaa iko uani pa kituo. Watu wa nyumbani waamka kwa hofu, na mara nyingi hukosea katika neno lao la kwanza, yaani huulizia motokaa kabla ya kumwulizia mtu.

Si ajabu wakifanya hivyo, maana katika nchi yetu motokaa moja hulisha watu wengi. Tufanye mfano. Ndugu wawili wa Masama wana pikapu. Kaka mkubwa ndiye aliyeinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, na mdogo wake ndiye mwendeshaji. Kila alfajiri huteremsha maziwa na ndizi mpaka Kwa Sadala, na siku nyingine hufika Moshi mjini. Jumapili moja mdogo alialikwa kwenye sherehe ya Kipaimara cha mtoto wa jirani. Akanywa mbege, kisha akanywa bia, kisha akashika usukani ateremke mpaka barabara kuu ya Arusha kumrudisha mgeni. Askari wa usalama barabarani wakamsimamisha, wakampuliziza katika kipimo, wakamchukua pamoja na pikapu mpaka Boma Ng'ombe. Asubuhi maziwa ya watu yakabaki katika madebe.

Hapa niseme neno kidogo juu ya mbege, maana wako watu wanaosema ya kuwa si ulevi bali ni chakula. Ni kweli imepikwa kwa ndizi mbivu na ulezi, na wazee wetu waliinywa kwa heshima katika kibuyu. Lakini mbege huendelea kuchacha kila saa ipitayo. Ile ya jana si ile ya leo, wala hakuna karatasi iliyobandikwa juu ya kibuyu kuonyesha nguvu yake. Kwa hiyo anywaye mbege hajui amekunywa kileo kiasi gani, hata akihesabu vibuyu kwa uaminifu.

Kipimo chajua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mpaka wa miligramu 80 za kileo katika kila mililita 100 za damu. Mpaka huo haukubuniwa kwetu. Uingereza waliuweka mwaka 1967, na Wanorwei walitangulia wote mwaka 1936, nao walikuwa wakali zaidi, kwa kuwa waliweka 50. Zamani, kabla ya vipimo, hakimu alitegemea maneno ya askari tu: alipepesuka, alinuka pombe, macho yake yalikuwa mekundu. Mwaka 1954 Mmarekani mmoja, Robert Borkenstein, alitengeneza chombo cha kupima pumzi kando ya barabara, na tangu hapo ubishi mwingi umekwisha. Katika Uganda watu wamekipa kipimo hicho jina la Kawunyemu, yaani mnusaji. Lakini yafaa tujue pia ya kwamba sheria yetu haikuishia kwenye hesabu: mtu aliyelewa hata asiweze kuitawala motokaa yake sawasawa aweza kushitakiwa kwa hilo lenyewe.

Sasa, kwa nini motokaa hushikwa? Wengi hudhani ya kuwa ni adhabu. Siyo, adhabu ni ya mahakama, wala mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Motokaa hushikwa kwa sababu nyepesi kuliko hiyo: hapakuwa na mtu mwenye akili timamu na leseni wa kuiondoa barabarani, wala haikufaa kuiacha gizani ukingoni mwa lami. Kama ndivyo tu, haina sababu ya kukaa kituoni siku nyingi. Lakini ikiwa imemgonga mtu au kuharibu mali, hapo imekuwa kielelezo cha kesi, na mkaguzi wa magari sharti aitazame breki, usukani na matairi kabla haijaondoka. Iko pia sababu ya tatu: huenda motokaa yenyewe ni mbovu, au haina bima, au ina faini za nyuma ambazo hazikulipwa. Basi neno la kwanza la kuuliza kituoni juu ya motokaa ni hili: imeshikwa kwa sababu gani kati ya hizi? Asiyeuliza hivyo aweza kwenda na kurudi juma zima, akitafuta ruhusa ambayo hakuihitaji au akiikosa ile aliyoihitaji.

Ndiyo maana nasema mtu atangulie, motokaa ifuate. Mtu ana saa zake: aliyekamatwa yapasa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au apewe dhamana. Dhamana ya polisi haiuzwi. Anayekwenda kumdhamini mwenzake na achukue kitambulisho chake na barua ya mtendaji wa kijiji, ajaze karatasi na kutia sahihi, arudi na mtu wake. Hakuna fedha hapo. Kesi nayo ina njia yake, nayo kwa watu wa Masama huelekea Mahakama ya Wilaya ya Hai. Kosa la ulevi si kama yale makosa madogo ambayo askari huandika faini, mtu akalipa akaenda zake. Hili ni la hakimu, naye ana uwezo wa kumzuia mtu asiendeshe kwa muda. Wako wanaodhani ya kuwa wakiirudisha motokaa nyumbani kesi imekufa. Haikufa. Na wako wanaodhani kinyume, ya kuwa motokaa haitoki mpaka kesi iishe. Hao nao wamekosea, isipokuwa kama ni kielelezo ambacho mahakama yakihitaji.

Turudi kwa ndugu wetu wawili. Asubuhi saa kumi na mbili mama yao akateremka kwa bodaboda mpaka Boma, maana kaka mkubwa alikuwa safarini Arusha. Askari wa zamu alikuwa kijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua gari ya watoto wangu. Huyu mdogo ataiendesha, amekwisha kulala, pombe imemtoka."

"Mama, huyu hawezi kupewa ufunguo."

Mama aliona ameonewa. Lakini askari alisema kweli, na hapa ndipo penye kosa la watu wengi, hata waliosoma. Usingizi hautoi kileo katika damu. Ini ndilo hukitoa, polepole, yapata miligramu 15 kwa saa katika kipimo kile kile cha mililita 100. Mtaalamu Widmark wa Swedeni alikwisha kuyachunguza hayo miaka ya 1920. Kahawa haiharakishi, wala maziwa, wala kuoga kwa maji ya baridi ya mfereji; hayo humwamsha mlevi tu, naye akabaki mlevi aliye macho. Fanyeni hesabu. Ikiwa saa sita usiku kijana alikuwa na 180, basi saa kumi na mbili asubuhi zimepita saa sita, zimetoka 90, na zimebaki 90. Bado yuko juu ya mpaka! Angepewa ufunguo angalikamatwa tena kwa kosa lile lile kabla ya kufika Kwa Sadala, au angalipata lililo baya kuliko kukamatwa, maana njia ya kupanda Masama asubuhi imejaa watoto waendao shule.

Basi aendaye kuichukua motokaa awe mtu mwingine, mwenye leseni ya aina ile ya motokaa, ambaye hakunywa usiku ule. Achukue kadi ya motokaa, kitambulisho chake, hati ya bima, na kama si mwenye mali, barua ya mwenye mali yenye sahihi na namba ya simu. Hapo kwenye kadi ndipo wengi hukwama. Kwetu motokaa huuzwa kwa mkono na ahadi: fedha hutolewa, ufunguo hupokelewa, na kadi hukaa na jina la mtu wa Dar es Salaam ambaye amekwisha kuhama nyumba mara mbili. Siku zote za heri hakuna aonaye hasara. Siku motokaa iko kituoni, askari auliza mwenye mali ni nani, na kadi yamtaja mgeni. Pikapu ya mfano wetu ilikuwa hivyo. Mkataba wa mauzo ulikuwapo, lakini ulikuwa ndani ya sanduku la kaka mkubwa, na ufunguo wa sanduku ulikuwa Arusha. Mwenye motokaa isiyoandikwa kwa jina lake asingoje siku hiyo. Aende Mamlaka ya Mapato akaandikishe.

Juu ya fedha. Ikiwa kuna faini ya zamani, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, katika benki au kwa simu, na stakabadhi hubaki mikononi mwa mlipaji. Ikiwa motokaa ilivutwa na gari la mtu binafsi, huyo ana haki ya ujira wake, naye atoe risiti. Fedha nyingine yoyote inayotajwa kwa sauti ya chini, nje ya mlango, na mtu asiyetaka kuandika jina lake, hiyo ni rushwa, na sheria humshika atoaye sawa na apokeaye. Simu ya TAKUKURU ni 113, wala haitozwi. Najua jinsi inavyokuwa vigumu kukataa, nawe wawaza madebe ya maziwa yanayoganda. Lakini mtu wako ameshikwa kwa kosa moja. Ukitoa bahasha, yamekuwa mawili, na la pili ni lako.

Bima nayo isisahauliwe. Bima ndogo, ambayo sheria humlazimisha kila mwenye motokaa, ni kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa. Haitengenezi pikapu yako. Na bima kubwa mara nyingi ina maneno yaliyoandikwa kwa herufi ndogo, ya kwamba hailipi kitu ikiwa mwendeshaji alikuwa amelewa. Isomeni kabla, si baada.

Imebaki siku yenyewe ya kupokea. Usitie sahihi kabla hujaizunguka motokaa. Fungua mahali pa betri. Tazama gurudumu la akiba, jeki na spana, redio, kipimo cha mafuta, vioo vya pembeni. Piga picha. Kitu kikikosekana, kiandikwe pale pale katika karatasi ile ile utakayotia sahihi, kwa maana ukisha kutoka langoni neno lako ni neno tu. Kaka mkubwa alifika siku ya tatu na mkataba wake, akafanya hivyo, akaona madebe mawili ya maziwa hayapo. Alipouliza, mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili: alikuwa ameyachukua mwenyewe asubuhi ile, akapanda nayo kwa bodaboda.