Neno Moja, Mizigo Minne: Kiswahili katika Uandishi wa Mikataba ya Biashara

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwahimiza wafanyabiashara kuandika. Hata hivyo, haisemi lolote kuhusu mali inayopotea ilhali daftari lipo, limeandikwa na limetiwa saini, ila maneno yaliyomo yana maana mbili. Makala haya yanahusu hasara ya aina hiyo ya pili. Yanalenga kumwonyesha mwanafunzi wa Kiswahili namna taaluma yake ya semantiki, sintaksia na tafsiri inavyoweza kumfaa wakili wa biashara, na kumwonyesha wakili namna ya kuandika mkataba wa Kiswahili ambao mteja wake atauelewa na mahakama itaweza kuutekeleza.

Mada hii ina uzito wa kikatiba. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hapa kwetu hali ni mseto. Kwa mujibu wa kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai (Sura ya 21), lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufaa ni Kiingereza, ilhali mahakama za chini hutumia Kiingereza au Kiswahili. Mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili basi unaweza kuanza safari yake sokoni Kongowea na kuishia mbele ya jaji anayeusoma kupitia tafsiri. Kila penye utata katika matini asilia, mfasiri atalazimika kuchagua maana moja, na chaguo lake linaweza kumgharimu mtu shamba.

Kuku ni nini?

Kabla hatujaingia katika Kiswahili, tuangalie kesi moja inayofunzwa katika vyuo vingi vya sheria duniani. Mwaka 1957 kampuni ya Uswisi iliagiza kuku waliogandishwa kutoka kwa muuzaji wa New York. Sehemu ya shehena ilipofika, mnunuzi aligundua kwamba ameletewa kuku wakongwe wa kuchemshwa. Alidai kwamba neno la Kiingereza lililotumika katika mkataba humaanisha kuku mchanga wa kuchoma au kukaanga. Muuzaji naye alishikilia kwamba kuku ni kuku, awe mchanga au mkongwe.

Jambo la kuvutia kwa mwanaisimu ni kwamba pande hizo mbili ziliandikiana simu za maandishi kwa Kijerumani, lakini zikalichopeka humo neno la Kiingereza. Mnunuzi alieleza kwamba alifanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa neno la Kijerumani linawajumuisha kuku wa aina zote mbili. Katika uamuzi wake wa mwaka 1960, Jaji Henry Friendly alipima kamusi, desturi za soko, kanuni za serikali na bei. Mnunuzi alishindwa, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha kwamba neno lilitumika kwa maana finyu ulikuwa wake, naye hakuweza kuubeba.

Mwanafunzi wa Kiswahili aizingatie kesi hii kwa makini. Lugha yetu ina tembe, mtetea na jogoo. Soko letu lina kuku wa kienyeji, wa nyama na wa mayai. Mkataba unaosema tu kwamba muuzaji atamletea mwenye hoteli "kuku 200 kila wiki" unaziacha tofauti hizi zote mlangoni. Funzo la kwanza ni kwamba neno la kawaida halina hakika ya kuwa wazi. Jambo ambalo pande zote mbili zinadhani ni dhahiri ndilo linalohitaji kufafanuliwa.

Tatizo la dhamana

Katika leksia ya biashara, hakuna neno linalobebeshwa mizigo mingi kama dhamana. Mshtakiwa huachiliwa kwa dhamana. Anayeahidi kulipa deni la mwenzake akishindwa, hutoa dhamana. Hatimiliki ya shamba iliyopelekwa benki imewekwa dhamana. Hatimaye, redio mpya huuzwa ikiwa na dhamana ya mwaka mmoja. Hizi ni maana nne ambazo sheria inazitenganisha kabisa, na matokeo ya kila moja ni tofauti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee anaombwa na mpwa wake awe mdhamini wa mkopo wa shilingi 300,000. Katika uelewa wake, mdhamini ni mtu anayemtambulisha mwenzake na kuthibitisha tabia yake, kama alivyowahi kufanya kituo cha polisi. Hati aliyoitia saini inasema, "Mdhamini anatoa dhamana kwa mkopo huu." Mpwa anaposhindwa kulipa, mkopeshaji anamdai mzee kiasi chote. Je, alidanganywa? Huenda hakuna aliyemdanganya. Neno lenyewe ndilo lililomwambia jambo moja yeye, na jambo jingine mkopeshaji.

Sheria ya Mikataba ya Kenya (Sura ya 23), kifungu cha 3, inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe katika maandishi na itiwe saini na anayedaiwa kwa ahadi hiyo. Sharti la maandishi linamlinda mzee dhidi ya ushahidi wa mdomo mtupu. Halimlindi dhidi ya neno asilolielewa. Aidha, msimamo wa sheria ya kawaida ya Uingereza, ambayo ndiyo msingi wa sheria yetu ya mikataba, ni mkali: katika kesi ya L'Estrange dhidi ya Graucob ya mwaka 1934, mwanamke mwenye mkahawa aliyenunua mashine ya kuuzia sigara alifungwa na maandishi madogo ambayo hakuyasoma, kwa kuwa alikuwa ameyatia saini. Zipo nafuu, kwa mfano pale penye ulaghai au shinikizo lisilofaa, lakini hizo ni nafuu za kutafutwa mahakamani, kwa gharama na kwa miaka.

Makala haya yanapendekeza kwamba mwandishi wa mkataba aligawe jukumu la dhamana kwa maneno haya. Kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine, atumie udhamini wa deni, na aongeze sentensi inayolifafanua. Kwa mali inayofungwa kwa deni, atumie rehani, neno ambalo Waswahili wamelitumia kwa karne nyingi. Kwa ahadi ya muuzaji kuhusu ubora, atumie hakikisho la ubora. Dhamana aiachie mahakama za jinai.

Mgawanyo huu una manufaa mengine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 31) inatofautisha aina mbili za ahadi za muuzaji. Ya kwanza ni sharti la msingi. Likivunjwa, mnunuzi anaweza kuukatisha mkataba na kuzikataa bidhaa. Ya pili ni hakikisho la ziada. Likivunjwa, mnunuzi ana haki ya fidia tu, na bidhaa hubaki kwake. Mwandishi anayeziita zote mbili "dhamana" anamwachia hakimu akisie kilichokusudiwa.

Wakati ujao na wajibu

Tatizo la pili ni la kisarufi. Kiambishi -ta- huonyesha wakati ujao. Sentensi "Mnunuzi atalipa" inaweza kuwa utabiri, ahadi au amri. Katika mazungumzo, muktadha hutatua utata huo. Katika hati itakayosomwa na mtu mwingine baada ya miaka mitano, muktadha haupo. Vivyo hivyo, "muuzaji anaweza" huonyesha uwezo au ruhusa, na "hatalipa" haibainishi kama mtu amekatazwa kulipa au amesamehewa.

Inafaa basi kuwa na fomula chache na kuzishikilia kutoka mwanzo wa hati hadi mwisho wake: anawajibika kwa wajibu, ana hiari ya kwa ruhusa, haruhusiwi kwa katazo, na halazimiki kwa msamaha wa wajibu. Mwalimu wa insha hutuhimiza tutumie visawe ili tusimchoshe msomaji. Katika mkataba, kisawe ni hatari. Ukiandika "bidhaa" katika kifungu cha 2 na "mali" katika kifungu cha 5, wakili wa upande wa pili atauliza kama ni vitu viwili.

Utata mwingine hutokana na viambishi vya nafsi. Ngeli zetu husaidia sana pale nomino zinapotofautiana; gari na hati havigombanii kiambishi kimoja. Lakini muuzaji na mnunuzi wote wamo katika ngeli ya A-WA. "Muuzaji akimwarifu mnunuzi kwamba amechelewa, atalipa fidia": ni nani aliyechelewa, na ni nani atakayelipa? Dawa yake ni kuirudia nomino, hata kama sentensi itapoteza ladha. Kauli ya kutendwa nayo huficha mtenda. "Bidhaa zitakaguliwa" haisemi na nani, wapi, wala kwa gharama ya nani.

Saa na siku

Mfasiri anayeiona 10.00 katika hati ya Kiingereza na kuandika "saa kumi" ameisogeza miadi kwa saa sita. Kosa hili dogo linaweza kumfanya mtu akose mnada au akabidhi zabuni mlango ukiwa umefungwa. Ni vyema saa iandikwe kwa njia zote mbili: "saa nne asubuhi, yaani 10.00".

Siku nazo zina sheria yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ufasiri na Masharti ya Jumla (Sura ya 2), muda wa siku unaohesabiwa kuanzia tukio fulani hauijumuishi siku ya tukio lenyewe, na mwezi ni mwezi wa kalenda. Hata hivyo, hiyo ni kanuni ya kufasiri sheria zilizotungwa. Mkataba wa watu binafsi ujieleze wenyewe. Badala ya "hadi tarehe 30", andika "kabla au mnamo tarehe 30".

Zoezi la uhariri

Tazama kifungu hiki: "Mnunuzi atalipa pesa zilizobaki bidhaa zikifika na kukaguliwa, na muuzaji atatoa dhamana ya miezi sita."

Msomaji makini atauliza: pesa ngapi, zikaguliwe na nani, kwa muda gani, dhamana ipi, na miezi sita tangu lini? Kinaweza kuandikwa upya hivi:

(1) Mnunuzi anawajibika kuzikagua bidhaa ndani ya siku 3 baada ya siku ya kuzipokea.
(2) Mnunuzi asipomwarifu muuzaji kwa maandishi, ndani ya muda huo, kuhusu kasoro yoyote, mnunuzi atahesabiwa kuwa amezikubali bidhaa.
(3) Mnunuzi anawajibika kulipa salio la shilingi 80,000 ndani ya siku 7 baada ya siku ya kuzikubali bidhaa.
(4) Muuzaji anawajibika kurekebisha, kwa gharama ya muuzaji, kasoro yoyote ya utengenezaji itakayoonekana ndani ya miezi 6 baada ya siku ya kupokewa kwa bidhaa.

Kifungu kimerefuka, lakini hakuna swali lililobaki wazi miongoni mwa yale tuliyouliza. Tena, neno dhamana limetoweka, na hakuna aliyelikosa.

Mapendekezo kwa wakili na mfasiri

Kwanza, mkataba uanze na fasili za istilahi muhimu. Kamusi ya Sheria iliyochapishwa na TUKI mwaka 1999 ni msaada mzuri, lakini mahakama itaheshimu zaidi maana ambayo wahusika wenyewe wamekubaliana na kuiandika. Pili, hati ikiwa katika lugha mbili, iseme ni matini ipi itakayotawala pakitokea tofauti. Katiba yenyewe imefanya hivyo: Ibara ya 259 inayapa maandishi ya Kiingereza kipaumbele. Wakili akumbuke lakini kwamba matini inayotawala inapaswa kuwa ile ambayo mteja wake anaielewa. Tatu, asiyejua kusoma asomewe. Uganda ina sheria mahususi ya kuwalinda watu hao, inayomtaka aliyewaandikia hati aandike jina na anwani yake kamili. Hata pasipo sheria ya aina hiyo, wakili mwangalifu ataongeza tamko kwamba hati ilisomwa na kuelezwa kwa lugha inayoeleweka, na nani aliyeisoma. Nne, mwandishi asisahau kwamba utata humwangukia aliyeandika: mahakama, ikikosa njia nyingine, hulifasiri neno tata dhidi ya upande ulioliweka.

Hitimisho

Imedaiwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba sheria. Mifano tuliyoiona inaonyesha vingine. Kiingereza, pamoja na karne zake zote mahakamani, kilishindwa kumweleza mnunuzi wa Uswisi kuku ni nini. Utata si ugonjwa wa lugha moja. Ni matokeo ya uandishi usio makini katika lugha yoyote. Kiswahili tayari kina rehani, amana, hawala, riba, ubia na fidia. Kinachohitajika ni wataalamu watakaoketi na mawakili na kuyapa maneno hayo mipaka. Siku mzee wa mfano wetu atakapoletewa hati inayosema waziwazi, "Mpwa wako asipolipa, wewe unawajibika kulipa shilingi 300,000, na mali yako inaweza kuuzwa," huenda akatia saini, huenda asitie. Lolote atakaloamua, litakuwa uamuzi wake.